Jiwe Langu Ndani ya Kioo

Fidèle, bwana yangu, mutu mwenye akili za kuandika barua kwa Kifaransa, alichukua jiwe langu la kusagia akampa muzungu wa migodi. Eti ni jiwe la zamani! Ndiyo, la zamani. Bibi yangu alisagia, mama yangu alisagia, na harusi ya binti yetu Cécilia ilibaki wiki mbili. Kwetu binti hatoki kwenda kwa bwana bila jiwe la mama yake. Nilipomuuliza, akasema, "Mado, si mawe iko mengi?" Jamani! Mutu ambaye tangu azaliwe hajasaga hata karanga!

Nikatembea siku tatu kutoka Wamaza mpaka Kasongo, miguu ikavimba. Huyo muzungu alikuwa amejaza mawe chumba kizima, watu waende kuangalia. Roger, mulinzi wake, akaniamuru ninawe mikono, halafu akaniambia nisiguse kitu. Sasa kunawa kwa nini?

Mule ndani kulikuwa na mawe ya kung'aa, ya kijani na ya zambarau, na watu wadogo waliochongwa kwa jiwe, na mamba. Katikati, ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu, jiwe langu. Wameliosha mpaka harufu ya unga imeisha. Roger akanisomea kikaratasi chake: "Kazi ya fundi asiyejulikana."

"Fundi gani?" nikapaza sauti. "Hii iko mikono ya mama yangu!"

Muzungu akatoka ofisini mbio. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kama nina hakika. Nikafungua kabati, nikatoa jiwe, nikapiga magoti kwenye sementi yake nikasaga bure, bila kitu. Kila kidole kikalala katika shimo lake. Yeye akachuchumaa akatazama vidole vyangu muda mrefu, na hasira yangu ikaanza kushuka.

"Kweli, mama, ni lako," akasema. Akalipokea kwa mikono miwili, akamuita Roger alete karatasi na wino. "Jina lako nani?"

Nikajua ni ruhusa ya kutoka nalo. Nikataja jina langu, la mama na la bibi, kwa furaha kabisa. Roger akaandika yote matatu. Muzungu akarudisha jiwe juu ya kitambaa, akasimamisha karatasi mpya mbele yake, akafunga kioo kwa ufunguo. Akanishukuru sana.

Cécilia aliondoka nyumbani mikono mitupu.