Bahari Iko Hapa

Nnakumbuka siku moja ya joto kali, mwanangu, kwenye njia hiyohiyo ya Salala unayokwenda kuishika kesho na wenzio. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, leseni mpya mkononi, ualimu ndio kwanza nimeuanza, na siambiliki. Nilikuwa nimempakia mama yangu, bibi yako.

Mama alizaliwa Unguja. Tangu ahamie Maskati hakupenda kuzungumzia kwao. Ukimuuliza, husema ana nguo za kuanua. Salala alitaka kwenda kwa sababu aliambiwa kuna mvua na minazi.

Tulitoka nyumbani, Mawaleh, baada ya Alfajiri. Nilishatia nia tufike kabla ya Magharibi, basi kila akiomba tusimame, nakataa. Tulipita mji mmoja wenye dele la kahawa la saruji, kubwa kuliko nyumba, katikati ya mzunguko wa barabara. Akasema tulitazame. Nikamwambia tutalitazama wakati wa kurudi. Nanyi vijana mnaijua hiyo "wakati wa kurudi". Wangapi hurudi kwa njia nyingine?

Tulipouacha mji wa Haima nyuma, jangwa lilitandaa pande zote kama sahani. Mara tukaona kando ya njia ubao ulioandikwa kwa mkono, kwa Kiarabu: "Bahari iko hapa." Nikacheka. Mama hakucheka. Aliniwekea mkono begani, akanambia nisimame, kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake.

Nyuma ya ubao palikuwa na gari bovu lisilo magurudumu, limejaa mawe mpaka madirishani, na mzee wa Kibedui amekaa kivulini mwake. Mama akateremka. Mimi nikabaki kwenye kiyoyozi, naitazama saa. Zilipopita dakika kumi, nikapiga honi. Mama yangu mzazi, mwanangu, nilimpigia honi kama teksi ya Matrah inavyomwita abiria.

Yule mzee akaja mpaka dirishani, polepole, wala hakukasirika.

"Binti yangu," akanambia, "mama yako analia. Zima gari ushuke."

Nikashuka. Mama alikuwa amepiga magoti mchangani, mawe yamemjaa mapajani. Yale mawe yalikuwa chaza na makombe yaliyogeuka jiwe, mistari yao yote ipo, mengine makubwa kuliko kichwa cha mtoto. Mzee akatueleza kuwa huyaokota akichunga ngamia, na kwamba hapo tuliposimama palikuwa chini ya maji, zama anazozijua Mungu peke yake. Nikalitazama lile jangwa mpaka linapokutana na mbingu, nikajiona nimo chini kabisa ya bahari, na maji yote yako juu yangu. Nikasema subhanallah.

Hapo ndipo mama aliposema. Alinihadithia mama yake, walivyokuwa wakienda pwani maji yakitoka, kanga kiunoni, kuokota chaza, na walivyoagana siku ya kuhama, wakijua hawataonana tena. Jina la bibi yangu, Mwanakhamis, nililisikia mara ya kwanza pale, penye mchanga mtupu.

Nikambusu mkono, nikamtaka radhi.

"Nishakusamehe," akasema. "Ila honi usinipigie tena."

Salala tulifika tumechelewa, na hapana aliyedhurika. Wahenga walisema kawia ufike.

Basi, mwanangu, usiucheke ubao wa mtu njiani. Mdharau biu hubiuka yeye. Mzazi akikwambia simama, simama, hata kama huoni kitu, maana huenda ana neno ambalo nyumbani halijapata pa kutokea. Na ukikutana na jambo la Mungu lililokuzidi ukubwa, usikimbilie kulipiga picha. Nyamaza kwanza.

Nenda salama. Mola akukinge na usingizi wa njiani na ngamia wanaokatiza, akuoneshe makubwa ya ardhi yake, akurejeshe kwangu mzima, kinywa kimejaa hadithi. Amin.