Wakala wa Kompyuta Namba Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta wa wakati huo, mtu aliyevaa tai hata kwenye joto la Machi, alinipandisha ghorofa ya pili ya jengo kongwe la Mji Mkongwe, akanionesha kompyuta sita zilizofunikwa mashuka kwa sababu chokaa ya ukutani ilikuwa ikipukutika juu yake. "Mali ya Serikali hizi," akasema. "Kaa hapo utazame." Nikakaa, nikatazama wiki nzima. Ofisi yenyewe ilitunza daftari la ardhi: nani ana kiwanja wapi, mpaka wake unaishia wapi, amerithi kwa nani. Niliitumikia mpaka nikastaafu, na nikiwaambia vijana kwamba niliitumikia kwa raha nitakuwa nasema uongo.

Kila kompyuta ina mahali inapojiandikia mambo yanayoipata: nani kaingia, saa ngapi, neno la siri limekosewa mara ngapi, programu gani imewashwa au imezimwa. Maandishi hayo tunayaita logi. Zamani nilizisoma kwa miguu. Mashine zilikuwa zimeshafika arobaini, nami nikipita meza hadi meza na daftari mkononi, napanda ngazi na kushuka, nanakili yale niliyoona yana maana. Nikimaliza ya arobaini, ya kwanza imeshajaa mambo mapya.

Ndipo tukapata wakala. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya kompyuta, inazisoma logi zake na kuzipeleka kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu, ili mtu mmoja aone mashine zote akiwa amekaa. Kuisakinisha kunataka utulivu tu. Unaingia kwa jina la msimamizi, maana kwa jina la kawaida itakukatalia. Unaipa anwani ya seva na ufunguo wa usajili ili seva iitambue. Unafungua faili la mipangilio na kutaja logi unazozitaka. Mimi nilichukua za usalama na za mfumo, kwani ukizikusanya zote utazama ndani yake. Kisha unaizima huduma na kuiwasha tena, la sivyo utakaa kutwa ukishangaa kwa nini mabadiliko yako hayafuatwi. Na kabla ya yote unarekebisha saa. Kompyuta ikikosea saa, logi yake haimsaidii mtu.

Mashine namba kumi na nne ilikuwa ya Naibu Mkurugenzi, ghorofa ya tatu. Nilipofika na kidiski changu hakuniruhusu hata kukaa.

"Unaniwekea mpelelezi mezani kwangu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Haisomi barua zako. Inaandika nani kaingia na saa ngapi."

"Nshakwambia sitaki."

Mkurugenzi mwenyewe alikuwa ameagiza kwa maandishi kwamba hakuna mashine itakayoachwa, kwa hiyo nikaiweka. Naibu akajibu kwa kudai apewe mamlaka ya msimamizi kwenye kompyuta yake. Mkuu wa Kitengo mpya, kijana kuliko mimi na mwoga kuliko mimi, akampa bila ya kuniuliza.

Wiki chache baadaye akaja kwangu Bi Zuwena, karani wa daftari. Alikuwa mwanamke makini, akiishi na mama yake mzee Kikwajuni, na katika miaka yote hatukuwahi kumkuta na kosa la hata tarehe.

"Kaka Haroub, Naibu anataka neno langu la siri. Anasema la dharura, siku nikiumwa. Nimpe?"

Kazi yangu ilikuwa kumwambia hapana. Mimi ndiye niliyebandika ukutani karatasi inayokataza jambo hilo.

"Mpe tu," nikamwambia. "Ndo mkubwa wako."

Nimeliandika jibu hilo kwa makusudi, msije mkaniona shujaa katika yanayofuata.

Jumatatu moja alikuja mwanamke kutoka Chwaka, mkulima wa mwani, kuchukua nakala ya kiwanja alichorithi pamoja na dada zake wawili. Daftari, ambalo siku hizo lilikuwa limeshahamishiwa kwenye kompyuta, likatoa jina la mtu ambaye hakupata hata kumsikia. Kumbukumbu ya daftari ilionesha kwamba jina limebadilishwa Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana, na aliyebadilisha ni Bi Zuwena.

Naibu alimwita ukumbini, mbele ya wafanyakazi wote.

"Jina hili lako au si lako?"

"Langu. Lakini si mimi niliyefanya. Ijumaa nilitoka saa tano, nilimpeleka mama hospitali."

"Nimekuuliza jina."

"Nshajibu, Mheshimiwa."

"Basi weka funguo hapo mezani, uende zako."

Akashuka ngazi peke yake, mkoba kwapani. Sote tulikuwa tumesimama, na hakuna aliyefungua mdomo. Sikufungua na mimi.

Nilirudi chumbani nikafungua seva. Mashine ya Bi Zuwena ilizimwa Ijumaa saa tano na haikuwashwa tena siku hiyo. Namba kumi na nne nayo ilikuwa na mstari mmoja wa ajabu: Ijumaa, saa saba kasoro dakika tano, huduma ya wakala imesimamishwa. Mtu ameizima kwa mamlaka ya msimamizi, saa ambayo jengo zima limekwenda kuswali.

Naibu alidhani kumzima wakala ni kuizima logi. Hakujua kwamba kompyuta huendelea kujiandikia, wakala awepo asiwepo. Na wakala huweka alama pale aliposimama kusoma. Jumatatu mashine ilipowashwa, huduma ilijiwasha yenyewe, ikarudi kwenye alama yake ya Ijumaa na kuleta yote yaliyobaki. Saa saba na dakika tatu, Bi Zuwena ameingia kwenye kompyuta namba kumi na nne. Saa saba na robo, ametoka. Kwa jina lake, neno lake la siri, ndani ya chumba cha Naibu kilichofungwa kwa ufunguo.

Nikachapisha, nikampelekea Mkuu wa Kitengo. Alisoma mara mbili.

"Umemwonesha nani?"

"Wewe tu."

"Funga mdomo. Ngoja nishauriane na wakubwa."

Siku ya pili akaniambia bado. Siku ya tatu akaja mwenyewe mezani kwangu. "Zifute zile logi za namba kumi na nne. Diski imejaa."

"Diski haijajaa."

"Haroub, umebakisha miaka mingapi ya kazi?"

Sikufuta. Lakini pia sikusema. Nikawa naja asubuhi, natazama ile mistari kwenye skrini, naifunga, narudi nyumbani kula. Polisi wakaenda kupekua nyumba ya Bi Zuwena, nikapata habari mkahawani, nikamaliza kahawa yangu. Siku tisa nilifanya hivyo. Hasira niliyonayo juu ya Naibu ni kubwa, lakini ile niliyonayo juu ya mtu aliyemaliza kahawa hainipi usingizi.

Siku ya kumi nikaandika barua kwa Mkurugenzi, nikaambatisha karatasi zote, nikasimama masjala mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri, ili asitokee wa kusema haikufika.

Kamati iliundwa, watu watatu. Naibu aliwaambia kwamba mashine yake ilikuwa na saa mbovu na kwamba vitu vya kompyuta havieleweki. Wawili wakatikisa vichwa kumkubalia, wameridhika kutoelewa. Wa tatu alikuwa mama mmoja, hakimu mstaafu, aliyesukuma zile karatasi kuja upande wangu.

"Bwana Haroub, nisomee mstari mmoja mmoja. Kwa Kiswahili."

Nikamsomea. Akauliza kuhusu saa.

"Mashine zote arobaini zinafuata saa ya seva moja," nikasema. "Hii ikiwa imekosea, na zile thalathini na tisa zimekosea."

Akamgeukia Naibu. "Ufunguo wa chumba chako anao nani mwengine?"

Naibu akaomba maji.

Wale ndugu watatu wa Chwaka walirudishiwa jina lao kwenye daftari. Bi Zuwena aliandikiwa barua ya mistari miwili ya kumrejesha kazini, na neno samahani halikuwamo. Naibu alistaafishwa mapema. Akafanyiwa tafrija, akakata keki, akasifiwa kwa utumishi uliotukuka. Mimi nilihamishiwa tawi dogo karibu na Mangapwani, kulinda printa mbovu, mpaka umri wangu ukafika.

Vijana huniuliza kama kazi hii ina maana. Ina maana, na msikubali mtu awaambie ni mambo ya mashine tu. Wekeni wakala kwenye kila meza, ya mkubwa mwanzo. Mamlaka ya msimamizi yabaki kwa fundi. Ukiambiwa ufute, mwambie aliyekwambia aandike na atie saini. Na ukishaona, sema siku ile ile.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Kikwajuni kumtazama Bi Zuwena. Hakurudi kazini, anashona nguo za watoto wa skuli nyumbani kwake. Mama yake alifariki kabla ya ile barua kutoka. Alinitilia chai, akarudi kwenye cherehani.

"Kaka Haroub, ile logi uliiona lini?"

Ningeweza kumdanganya. "Jumatatu ile ile."

"Na barua ukaandika lini?"

"Jumatano ya wiki ya pili."

Akakata uzi kwa meno. "Polisi walikuja Alkhamisi ya wiki ile ya mwanzo," akasema. "Mama alikuwa amelala. Walimwambia ainuke wapindue godoro. Hakuweza kuinuka, wakamwinua wao."

Hakupandisha sauti. Akaweka kitambaa chengine chini ya sindano, akaendelea kushona. Hakuniambia kaa, wala hakuniambia nenda.