Bikabonati ya Mama na Betri za Baba

Kila Jumamosi asubuhi baba aliiba bikabonati ya mama. Mama aliuza mikate ya kukaanga sokoni hapa Kolwezi, na ile bikabonati ya kuumulia unga aliificha katika kopo la maziwa juu ya kabati. Aliificha bure tu, maana baba alilijua kopo lile kuliko yeye. Alichota vijiko viwili, akakoroga na maji ya moto kwenye kikombe, akatoka kwenda kuosha betri za gari lake. Mama alipiga kelele kutoka jikoni kwamba ipo siku watu watakula betri. Huo ndio uliokuwa mzaha wao, na sikumbuki kama walikuwa na mwingine.

Gari lenyewe lilikuwa kigari cha umeme, kiti mbele na sanduku la mizigo nyuma, cha aina ile inayobeba vyuma katika karakana za migodi. Baba alikinunua kikiwa kikuukuu. Nyonga yake ilivunjika mgodini, na tangu hapo alikuwa hawezi kutembea kupita nyumba ya jirani. Kigari kilimpeleka mama sokoni na mabeseni yake, kikampeleka baba kanisani, na zaidi ya yote kilimwepusha na kile kiti cha uani ambapo wastaafu wa mtaa wetu huzeeka wakitazama barabara.

Betri zilikaa chini ya kiti. Alizisugua kwa mswaki wa meno mpaka ule unga mweupe wa kwenye vichwa vyake ukatoka, kisha akavipaka grisi. Aliongeza maji ya betri, ya dukani, na aliongeza baada ya kuchaji, si kabla. Maji ya kisima chetu alisema yana madini mengi kuliko mgodi. Kigari kisipotumika, alichomoa waya, akazipanga betri juu ya mbao, na hata hapo akazichaji mara kwa mara. Betri ikiachwa tupu, alituambia mpaka tukachoka, hairudi tena.

Mama akafa mvua zilipoanza.

Sisi asili yetu ni Kasai, na nyumbani kwetu mume aliyefiwa hukaa chini kwenye mkeka. Hashiki kazi, haondoki ila kwenda kuzika, mpaka ndugu wakubwa wa marehemu waje wamwinue. Ndugu hao walikuwa bado njiani, kwenye treni, na anayeijua treni ile hahesabu siku, huhesabu wiki. Baba akakaa. Hakulia. Alitazama mbele yake tu, na watu wakaanza kunong'ona juu ya macho yale makavu.

Umeme ulikatika jioni ya kwanza ya kilio. Mdogo wake mama, mjomba anayeishi hapa hapa mjini, akaamuru betri za kigari zifunguliwe ziwashe taa uani na spika ya kwaya. Sikuona ubaya. Umeme ulirudi asubuhi, lakini badala ya kuchaji betri watu walichaji simu zao. Baba aliniita karibu na mkeka.

"Mwambie mujomba yako bachaji batri," alisema polepole. "Zikibakia vile, zitakufa."

Nilimfikishia mjomba. Alinijibu mbele ya watu wote, kwa sauti ya kumfikia baba. "Muke amekufa, ye analilia batri?"

Nilitaka kumzaba kofi, na hata leo natamani. Nilichomeka chaja mwenyewe. Akaichomoa, akasema kilio si karakana. Baba aliinamisha kichwa. Angeongeza neno moja tu, wangesema hakumpenda dada yao. Basi umeme ulipokatika tena usiku, akatazama taa zikififia, zikawa za njano, zikazima. Betri zikasukumwa nyuma ya jiko, kwenye udongo wenye maji, na zilikaa huko hadi treni ilipofika.

Siku walipomwinua, baba alishika ukuta akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Alizichaji usiku na mchana. Zilipata moto, hazikushika kitu. Mpya hatukuweza kununua, na kigari bado kimesimama uani, kuku wanatagia ndani ya sanduku lake. Baba amekaa kwenye kile kiti cha wastaafu.

Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita wakiuliza betri. Anawafukuza. Na kila Jumamosi anazisugua, anazipaka grisi, anazirudisha juu ya mbao. Ilinichoma roho. Siku moja nikamwambia, "Tata, zilishakufa."

"Najua," alisema, bila kuacha kusugua. "Kwa mama yako, kule ku malalo, nitafika na nini nikasafishe? Hizi ziko hapa."

Makaburi yako ng'ambo ya pili ya mji. Alifika huko mara moja tu, siku ya mazishi, kwa gari la kanisa.

Nilitazama ndani ya kopo la maziwa. Bikabonati ilikuwa karibu kwisha, ile ile aliyoiacha mama. Nikanunua nyingine, nikaimimina humo, nikalirudisha juu ya kabati. Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni nikisikia kijiko kikikoroga kwenye kikombe, na kabla sijafikiri nikapiga kelele kwamba ipo siku watu watakula betri.

Kijiko kikasimama. Kisha baba akalia, kwa sauti, vile walivyotaka alie siku zile za mkekani.