Mama wa Kugawana

Sanduku la Mama Mdogo lilipofunguliwa, harufu yake ilijaza nyumba yetu ya Mishomoroni hadi uani. Ilikuwa harufu ya sabuni, udi, peremende za maziwa, na ubaridi fulani kama wa duka kubwa lenye kiyoyozi. Kwetu mtu akirudi kutoka ng'ambo hafungui sanduku peke yake chumbani. Hulifungua sebuleni, majirani wameketi, wote waone, na asiwepo wa kuondoka mikono mitupu. Kwa hiyo mimi nilizijua nchi za dunia kwa harufu za masanduku yao kabla sijazisoma darasani. Maskati ilinukia udi. Ujerumani, alikokuwa mwana wa jirani yetu Mama Otieno, ilinukia chokoleti na sweta. Changamwe, alikofanya kazi baba yangu, ilinukia mafuta ya mashine, na sanduku haikuwa nalo.

Karibu kila kizuri kilichotoka mle kilikuwa cha Kadzo. Kadzo alikuwa binti wa Mama Mdogo, rika langu. Mama yake alikwenda Uarabuni kutumika nyumba za watu mtoto akiwa ndiyo kwanza anasimama dede, akamwacha kwa mama yangu, dada yake. Kadzo alilala kitanda changu, tena upande wa ukutani, uliokuwa wangu. Nilimwonea wivu, nami sitafuti neno la kuupamba. Hata leso moja ya mama ilikuwa imeandikwa kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, nami nilikuwa mwembamba kweli. Kadzo alikuwa na viatu vinavyowaka taa kisiginoni. Alikuwa na mkoba wa shule wenye magurudumu, akauburura kwenye mchanga wa Mishomoroni ambamo gurudumu halizunguki hata kwa dua.

Lakini viatu ningevisamehe. Kilichoniuma ni Jumamosi. Kila Jumamosi alasiri mama alitandika mkeka uani, akaweka chanuo na mafuta ya nazi, akatusuka kwa ajili ya kanisa la kesho yake. Kadzo alianza, daima. "Mwenzio mamake yuko mbali," mama aliniambia kila niliponuna. Basi Kadzo akapata magoti ya mama jua likiwa zuri, vidole vikiwa na nguvu na hadithi zikiwa mpya. Mimi nikapata mabaki, mama amechoka, jicho lake moja liko kwenye sufuria ya mchicha. Mwenzangu alikuwa na mama wawili, na hao wawili walipatikana kwa kunimega mimi.

Ndiyo maana likizo ya Mama Mdogo niliingojea kuliko alivyoingojea Kadzo mwenyewe. Nilikuwa nimeshapanga mambo kichwani: atakuja, atachukua mwanawe, nami nitarudishiwa mama yangu mzima.

Siku ya sanduku watu wazima walinywa chai na kuzilinganisha nchi, kama wanunuzi wanaokagua macho ya samaki sokoni. Mama Otieno alianza. "Huko Arabuni ni kazi tu," alisema. "Kijana wangu ako Ujerumani. Akiugua anatibiwa, akichoka anapewa likizo na mshahara unaingia."

Mama Mdogo alicheka. "Ulaya kuzuri, dada, lakini si wewe mwenyewe ulisema mwaka mzima hajabishiwa hodi na jirani? Mimi nilianzia Dubai. Kule Ijumaa watoka, waenda kanisani, wakutana na watu wa kwenu. Lakini mahali pa kulala pekee panameza mshahara. Maskati chumba ni cha bure, na watu wake wana salamu nzuri. Ruhusa ya kutoka ndiyo hakuna."

"Sasa ipi bora?" mtu aliuliza.

"Nyumba njema si mlango," Mama Mdogo alijibu, akainamia tena sanduku lake. "Kadzo! Njoo mwanangu uone nilivyokuletea."

"Abee," Kadzo aliitika. Alikuja, akamwamkia kwa heshima kama anayeamkia mke wa mchungaji, akapokea viatu vipya kwa mikono miwili, kisha akarudi kujibanza nyuma ya leso ya mama yangu. Watu wakacheka. Mama Mdogo naye alicheka, ila wenzake waliponyamaza yeye alikuwa bado anacheka, kicheko kikavu. Sikumwonea huruma. Nilikuwa nawaza Jumamosi tu.

Jumamosi ilipofika, mama alimpa dada yake chanuo. "Leo msuke wewe mwanao," alisema. Nami sikungoja kuitwa. Nilijitupa baina ya magoti ya mama, jua bado zuri, nikavuta pumzi ya mafuta ya nazi kwa raha ambayo hata leo naikumbuka shingoni.

Lakini Mama Mdogo alikuwa amesuka watoto wa tajiri wake kwa miaka, nywele za kuteleza, msuko mmoja mrefu wa kuning'inia mgongoni. Nywele zetu hukamatwa kwenye shina, hubanwa, hufuatwa kwa subira, na vidole vyake vilikuwa vimesahau. Misuko ilitoka imelegea. Baada ya mistari michache Kadzo alijipapasa kichwa, akainuka na nywele nusu zimesimama, akaja kwetu.

"Mama, nisuke wewe," alimwambia mama yangu.

Mama alimtazama dada yake. Mama Mdogo akafuta mafuta mikononi polepole. "Msuke tu, dada," alisema. "Mimi nimeshasahau."

Basi nikaondolewa. "Sidi, nenda kwa mama yako mdogo akumalizie," mama alisema, na mahali pangu pakakaliwa kabla hapajapoa. Nililia kwa hasira. Mama Mdogo alinisuka, akinukia sanduku lake, na kesho yake kanisani, kabla ya mahubiri, misuko yangu ilikuwa imefumuka huku kichwa cha Kadzo kikimetameta. Nilidhani kwenye mkeka ule mwenye wivu nilikuwa mimi peke yangu. Mama Mdogo alirudi Maskati kabla likizo yake haijaisha.

Leo mimi niko Doha, napokea wageni hotelini. Siku ya mapumziko sisi Wakenya hukaa tukazilinganisha nchi vilevile, chai vilevile. Hapa makato ya mshahara hakuna, chumba kina kiyoyozi, kanisa tumeruhusiwa. Mwenzangu mmoja aisifu Kanada, kwamba huko unahamia na watoto wako. Nami husema yangu, maana aisifuye mvua imemnyea. Nisilolisema ni kwamba namwonea wivu mtu asiyewahi hata kuwa na pasipoti. Kadzo hakutoka Mishomoroni. Yuko na mama yangu, aliyekwishazeeka, na yuko na binti yangu, Dama.

Jumamosi iliyopita nilipiga simu ya video. Waliiegemeza kwenye ndoo, nikawaona wote: mkeka, chanuo, mama yangu kwenye kiti, na Dama baina ya magoti ya Kadzo, jua likiwa zuri. Nilimwuliza Dama nimletee nini nitakapokuja. Akasema viatu vya taa. Kisha chanuo likanasa, akakunja uso.

"Mama, waniumiza," alisema.

"Pole, mwanangu," nilijibu.

Dama aliitazama simu kwa mshangao, kama aliyeitikiwa na mpita njia, kisha akarudisha kichwa magotini kwa Kadzo, ambaye alikuwa keshalegeza mkono.