Bokoboko la Muhogo

Tui la nazi likianza kuchemka, harufu yake hunitoa chumbani hata kama nimelala. Asubuhi hii imenitoa, nikamkuta mjukuu wangu ameinamia chungu cha muhogo, upawa mkononi.

Mimi nilikuwa mdogo kuliko yeye nilipoanza kushika upawa. Ilikuwa miaka ya vita, mchele haupatikani dukani, mchana muhogo, usiku muhogo. Mama alikuwa ndani, siku ya nne tangu ajifungue, na chakula hakitaki. Bibi yangu akanikabidhi chungu kwa mara ya kwanza.

“Koroga, tui lisikatike. Usiwache mpaka nikwambie.”

Akaenda kumkosha mtoto, akanisahau.

Nilikoroga. Moshi ukanitoa machozi, mkono ukafa ganzi, vipande vya muhogo vikavunjika, vikapotea. Baba aliporudi kutoka shamba na njaa yake, chunguni mlikuwa na uji mzito mweupe.

“Nani kakwambia ukoroge hivi?” Bibi alishangaa.

“Wewe, Bibi. Hukunambia niwache.”

Baba akachovya kidole, akalamba.

“Kumbe leo Sikukuu! Tumepikiwa bokoboko, tena si la ngano na nyama, la muhogo!”

Kutoka chumbani nikamsikia Mama akicheka mpaka mtoto akaamka.

“Nleteeni na mie hilo bokoboko nionje.”

Alimaliza bakuli zima, akalikomba kwa kidole.

Sasa mjukuu wangu ananitazama, jasho linamtiririka.

“Bibi, bado tu?”

Nimevuta kibao, nimekaa karibu naye, na sijamwambia awache.