Kinachogonga Chini ya Nyasi

Sikusikia kitu. Hilo ndilo jibu langu tangu nikiwa darasa la tatu. Nimempa mwalimu, nimempa mume wangu, nimewapa na wanafunzi wa chuo ninaowafundisha wasiamini ovyo. Leo nakiri, msomaji wangu: nilisikia. Nilikisikia mara nyingi kuliko kengele ya shule, ambayo nayo nilijifanya siisikii.

Bibi yangu aliishi Kaisho, katika nyumba ya nyasi iliyofichwa na migomba hivi kwamba mgeni aliweza kuipita huku anaitafuta. Kila Jumamosi tulikata nyasi mbichi na kuzitandaza sakafuni, nyumba nzima ikanukia kama asubuhi baada ya mvua. Mchana, tukishashiba ndizi na maharage, watoto tulijilaza humohumo, shavu chini. Ndipo nilipokisikia. Ndi, ndi. Kimya. Ndi. Kilitoka chini kabisa, kizito, hakina haraka, kama mtu anayetwanga na hana mgeni wa kumpikia.

Bibi alijua. Kwake hakuna aliyetwanga karanga ndani. Kinu kilikaa mbali, kwenye kijia cha kuelekea barabarani, na mvua ikinyesha tulikula mboga bila karanga. "Anayegonga chini hajibiwi," alisema huku akitafuna punje zake za kahawa, kisha akaendelea kuchambua maharage kana kwamba ametutajia bei ya chumvi.

Siku moja mimi, mjuaji tangu utotoni, nilipiga sakafu kwa kisigino. Chini pakanyamaza. Pakanyamaza hadi kuku aliyekuwa akiatamia pembeni akainuka, akayaacha mayai yake, akatoka nje. Kisha jibu likaja, na lilikuwa karibu zaidi.

Nilimweleza mwalimu wetu. Akanisimamisha mbele ya darasa niwagongee wenzangu mezani hicho nilichokisikia, nao wakacheka hadi darasa la jirani likaja kuchungulia. Kuanzia hapo sikusikia kitu. Mama peke yake hakucheka. Tulikuwa tunachuma kahawa, akaniuliza polepole, "Ulisikia kweli?" Nikasema nilitunga. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyekimbilia kufungua mlango akakuta aliyebisha ameshaondoka.

Bibi alipofariki, mama alibaki pale. Nyasi za paa zikapisha mabati, na mvua ikianza humsikii hata anayekuita kando yako. Sakafu ikamwagiwa saruji, kisha yakaja marumaru, ambayo niliyachangia kwa fahari na kuyapiga picha. Nyasi tunazokata sasa ni za ng'ombe. Wajukuu hulala kwenye makochi, uso kwenye simu. Siyalaani maendeleo, maana nyasi za bibi zilikuwa na viroboto. Lakini tuliposakafia ile ardhi, hakuna tena aliyelaza sikio juu yake.

Mwaka huu mdogo wangu aliamua kumchimbia mama kisima nyuma ya jiko, asishuke tena bondeni kwa maji. Mpimaji akaja kutoka Kayanga na nyaya zake na kompyuta yake, akasema mwamba ni mzima. Bado mdogo wangu akanipigia.

"Dada, yale mambo ya bibi, yalikuwa na ukweli wowote?"

Nikacheka kicheko changu cha chuoni. Nikamweleza kuhusu mashimo ya zamani ya wachimba madini ya bati, maji yanayopita kwenye miamba, na hofu za watu wasiosoma. "Chimba," nikasema.

Jana alasiri akapiga tena.

"Dada, chuma cha mashine kimetumbukia! Kilikuwa kinakata mwamba, ghafla kikaingia patupu. Mafundi wamekimbilia barabarani."

"Waambie wazime mashine."

"Wameizima tangu saa sita. Bado panagonga. Ukuta wa jikoni umepasuka, na mama amekaa sebuleni, hataki kutoka."

Nikaomba nizungumze naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msomi wetu."

"Mama, toka ndani."

"Nitoke kwa sababu gani? Mwalimu alisema hakuna kitu. Mpimaji kasema hakuna kitu. Wewe mwenyewe umesema hakuna kitu. Miaka yote hii nasikia peke yangu, mwanangu, nikadhani nimerukwa na akili. Sasa uzee huu nikimbie kisichokuwepo? Majirani watanicheka."

Nyuma ya sauti yake nikakisikia. Ndi, ndi. Kimya. Ndi.

"Nilisikia, mama," nikasema. "Tangu mdogo. Siku ile nilikudanganya."

Nikasikia kiti kikisogezwa juu ya marumaru yangu, kisha kandambili zake, bila haraka, zikielekea mlangoni. Sauti yake iliporudi ilikuwa na upepo wa nje.

"Ungesema siku ile tunachuma kahawa," akasema, "tungehama na bibi yako."