Unga wa Ulezi kwenye Kifuniko cha Tenki

Shangazi yangu hakuwahi kuniambia kwa mdomo wake kwamba ninaiba dizeli. Alipaka unga.

Ilikuwa asubuhi ya baridi hapa Chanji, nafuta umande kwenye kioo cha pikapu, nikamwona anatoka jikoni na kibakuli. Akainama kwenye kifuniko cha tenki, akakizungushia unga wa ulezi aliokwisha kuukanda ukawa mzito, kama anavyoziba mdomo wa mtungi asiotaka mtu auguse. Kisha akagandamiza kidole gumba mahali pamoja, alama ikabaki.

"Safari njema, baba," akasema, akarudi ndani bila kunitazama.

Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Ni dada wa baba yangu, mjane, na amenilea tangu nilipomaliza darasa la saba. Hununua mahindi na maharage vijiji vya huku juu, tunayateremsha Kabwe ziwani, tunapanda na dagaa na samaki wa migebuka wakavu. Pikapu aliachiwa na marehemu mume wake. Imenizidi umri. Ndiyo niliyojifunzia kuendesha, na ndiyo niliyokuwa naiota: siku moja nitaipaka rangi ya kijani, nitafunga ngazi nyuma, nitapeleka wageni kwenye maporomoko ya Kalambo huku nimeweka mkono dirishani. Mtu akiota haombwi nauli.

Ndoto hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Masika, malori makubwa huchimba njia ya Kabwe mpaka katikati panabaki tuta, na tumbo la pikapu lilikuwa linasugua tuta lile njia nzima. Nikambembeleza shangazi tuiinue. Akakubali. Fundi wetu wa Malangali akaongeza springi, akafunga matairi makubwa, gari likasimama kama jogoo aliyesikia mgeni mlangoni. Nililizunguka mara sijui ngapi, nacheka peke yangu.

Fundi hakucheka. Alipiga teke tairi la nyuma, akaelekeza spana kwenye lile tufe la chuma katikati ya ekseli, difu yenyewe. "Mshikaji, hizi tairi na hii difu tumezifungisha ndoa ya mkeka. Ukiona linakataa mlima, urudi."

Nilisema sawa. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha pembeni.

Safari ya kwanza tumbo halikugusa chochote. Lakini wakati wa kupanda kutoka ziwani na dagaa nyuma, gia ya tatu ilikataa, ya pili ikalia, nikapanda mlima mzima na ya kwanza, klachi ikinuka kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye pasi. Zamani tulikuwa tunafika nyumbani tenki lina akiba. Sasa mshale wa mafuta ulianza kulala tangu Namanyere, nyumbani bado mbali. Na la ajabu zaidi, mita ya kilomita ilisema tumetembea pungufu kuliko siku zote.

Shangazi anaijua njia ile kwa mita hiyo tangu enzi za mumewe. Aliingiza kichwa dirishani, akasoma, akasoma tena.

"Kilomita zimepungua. Mafuta nayo yamepungua. Baba, njia imefupika?"

"Sijui, shangazi."

"Hm."

Hiyo *hm* ilihamia nyumbani kwetu. Ikawa inakula na sisi. Nikitundika koti, shangazi anapita karibu nalo anavuta pumzi, ananusa dizeli. Nikivaa viatu vipya, anavitazama viatu, halafu ananitazama mimi, halafu anaongeza mboga kwenye sahani yangu kama mtu anayemlisha mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Jirani yetu anayeuza vitumbua alimwambia, tena mimi nikiwa nimesimama palepale na kitumbua mdomoni: "Kijana akipewa usukani, tenki huota mdomo wa pili." Wakacheka wote wawili. Mimi kitumbua kilinikwama.

Na mimi nikapata wangu wa kumshuku: fundi. Gari lilipokuwa linainuliwa sikukaa kwenye stuli kumtazama fundi mikono, kama inavyopasa. Huku kwetu ukimwachia fundi gari ukaenda kula, unarudi unajiuliza ulichoacha ndicho ulichokikuta? Labda alichomoa pampu nzima akaweka mbovu. Nilianza kumsalimia kwa mbali. Mama naye akanipigia simu kutoka kijijini, akasema huo ni mkono wa mtu, niangalie vizuri. Nilimwambia mama, mji huu wenyewe wanasema jina lake linawaamuru watu watupe uchawi, sasa na wewe unaurudisha? Nikacheka sana. Nilipokata simu nikainua siti, nikachungulia chini yake. Kulikuwa na bisibisi niliyoipoteza siku nyingi.

Basi siku ile ya unga nilikwenda Kabwe na roho nyeupe. Nilijua sitagusa tenki, unga utarudi mzima, mambo yataisha. Niliporudi, shangazi alikuja moja kwa moja kwenye kifuniko. Unga ulikuwa umepasuka, upande wenye kidole chake haupo kabisa.

"Nani amefungua?"

"Hakuna aliyefungua, shangazi."

"Unga umejifungua wenyewe."

Aliketi kwenye kizingiti, sauti yake ikawa ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Safari ijayo nakwenda na wewe. Nikiona ulichonifanyia, ufunguo utauweka mezani, utarudi kwa baba yako kulima. Nilitaka gari hili liendeshwe na damu yangu. Lakini heri mgeni anayeniibia, kuliko wewe."

Nilichukua ndoo nikaenda kuosha gari, maana usoni nilikuwa tayari na maji.

Safari hiyo alikanda unga mzito zaidi, akapiga vidole pande zote. Akaketi karibu na mimi, kanga magotini. Nilijaribu kumchekesha habari za mbuzi aliyekataa kutoka barabarani. Hakucheka. Tulipofika Kabwe alinituma mimi nikapimishe dagaa, yeye akabaki amesimama ubavuni mwa tenki kama askari. Wauza samaki wakaanza.

"Mama, unalinda gari au unalinda mume?"

"Namlinda baba," akajibu.

"Baba amefanya nini?"

"Ndiyo nangoja kuona."

Tukaanza kupanda. Nikatia ya tatu, ikafa. Ya pili, gari likaanza kutetemeka mpaka vioo vikagonga. Nikatia ya kwanza. Shangazi alikuwa anatazama mkono wangu muda wote, kama vile mafuta yangetokea kwenye kucha.

"Nini kinaungua?"

"Klachi."

"Mbona unaiunguza?"

"Siiunguzi, shangazi. Mlima umeikataa."

Kwenye kona yenye mawe gari lilisimama. Nikaruka, nikaweka jiwe nyuma ya tairi, injini ikiendelea kutikisika. Yeye akashuka, akaenda kwenye tenki. Nilimwona ameinama, mikono kiunoni. Unga ulikuwa na ufa unaozunguka kifuniko. Gari likatikisika mara moja tena, kipande kikadondoka mbele ya macho yake.

Akakiokota. Kilikuwa na alama ya kidole chake mwenyewe. Alikigeuzageuza, upepo unampiga kanga, malori yanatupita.

"Linatetemeka hivi kila safari?"

"Tangu tufunge matairi."

Akakifunga kipande kile kwenye pindo la kanga. Hakuniomba radhi. Hakusema neno mpaka mjini, na mjini alisema moja tu: "Malangali."

Tukaingia gereji tunanuka dagaa.

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

"Marahaba. Gari langu linakunywa kuliko marehemu, na marehemu unamkumbuka."

Fundi akanigeukia. "Si nilikwambia urudi?" Akafuta mikono, akamweleza shangazi, siyo mimi. "Mama, tairi kubwa ni mtu mwenye hatua ndefu. Tambarare anakupita. Mbebeshe gunia mlimani, lazima afupishe hatua, la sivyo magoti yanatetemeka. Difu ndiyo inayofupisha hatua. Yako meno yake ni ya tairi ndogo. Injini inasukuma mzigo isiouweza, inakula mafuta."

"Na kilomita?"

"Mita inahesabu mizunguko, haioni barabara. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, mita haijui. Njia ni ileile, mama. Mafuta unayanunulia njia, hununulii mita."

Shangazi alilitazama tairi. Akashika pindo la kanga.

Fundi akasema itafutwe difu yenye meno ya kufaa, tena mbili, ya mbele na ya nyuma. Ukibadili ya nyuma peke yake, siku ukitia foo-wili ili tairi zote nne zivute, mbele itavuta kivyake, nyuma kivyake, kitakatika kitu. Akazipata kwenye gari la aina hiyohiyo lililokufa, zikaja zimejaa grisi nyeusi.

Safari hii niliketi kwenye stuli. Zilipofungwa nikatoa chaki, nikachora mstari kwenye propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu.

"Unafanya nini?" fundi akauliza.

"Nahesabu. Nijue mbele na nyuma ni sawa."

"Ushakuwa shangazi yako."

Ya nyuma alizungusha yeye tairi, nikahesabu mimi: propela ikaenda karibu mara tano. Ya mbele nikazungusha mwenyewe. Tairi mara moja, propela ikaishia mbili na nusu hivi. Nikaruka juu. "Hii siyo! Umeniletea tofauti!"

Fundi hakufoka. Alinitazama tu, na ule mtazamo niliujua. Ndio niliokuwa nao mimi siku ile shangazi aliposema unga umejifungua wenyewe.

"Tulia, dogo. Tairi moja liko juu, lingine liko chini. Likizunguka moja peke yake propela inakwenda nusu, ndiyo maana unazungusha mara mbili. Mimi kule nyuma nilizungusha mara mbili, wewe ulikuwa umeng'ang'ania chaki."

Nikazungusha tena. Karibu mara tano. Zilikuwa sawa.

"Samahani, kaka."

"Lete soda," akasema.

Safari iliyofuata shangazi alibaki nyumbani. Nilipanda mlima wa Kabwe na gia ya pili, dagaa pomoni, nikimwimbia yule mbuzi. Niliporudi aliingiza kichwa dirishani, akasoma mita. Ilikuwa imerudi kwenye hesabu zake za zamani: mita huhesabu mizunguko ya propela, na kwa difu mpya propela inazunguka zaidi. Akasoma na mshale. Mafuta bado yalikuwa yamepungua kidogo kuliko enzi za matairi madogo, nikaona jicho lake linasimama pale, linafikiri.

"Njia imerudi urefu wake," akasema.

Kisha akazunguka mpaka kwenye tenki. Pembeni ya kifuniko bado kulikuwa na mabaki ya ulezi, yamekauka kama kigaga. Akayakwangua kwa ukucha.

"Hivi huu uchafu umekaa hapa tangu lini? Gari halioshwi hili?"

"Sijui, shangazi. Labda panya."

"Panya," akakubali. Akatemea mate pindo la kanga, akaanza kupasugua mwenyewe mpaka rangi ikaonekana, nami nikaenda kuchota maji.